Walther Nernst: Msomi aliyeupa ulimwengu sifuri ya kupimia maji

WATU wengi waliokulia Nakuru, Gilgil, Elementaita na Naivasha hutambulika pindi wanapocheka. Madoa ya kahawia kwenye meno hueleza walikolelewa kabla wenyewe hawajatamka neno.

Madoa hayo hayatokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Chanzo chake ni floraidi, kemikali inayochujuka kutoka kwenye miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa na kuingia katika maji ya visima. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi hubaki na alama hiyo maisha yake yote. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa na viungo vikaanza kuuma.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka mpaka wa miligramu 1.5 za floraidi kwa kila lita ya maji ya kunywa. Watafiti waliochunguza maji ya Kenya na kuchapisha matokeo yao katika miaka ya 1980 walipata miligramu 2,800 kwa lita katika Ziwa Nakuru. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa hilo la magadi, lakini kiasi hicho chaonyesha jinsi ardhi inayolizunguka ilivyojaa floraidi.

Tatizo ni kwamba floraidi iliyomo majini haionekani kwa macho, haina harufu, wala haiondoki maji yakichemshwa. Mama anayejaza mtungi kisimani hana njia ya kujua kama anabeba afya au maradhi. Ni sharti maji yapimwe. Katika maabara nyingi, kipimo hicho hutegemea vijiti viwili vinavyochovywa majini kwa pamoja, na kanuni iliyoandikwa mwaka wa 1889 na kijana wa Kijerumani aliyekuwa na umri wa takriban miaka 25.

Kijana huyo alikuwa Walther Hermann Nernst. Hakuwahi kuhusishwa na Nakuru kwa namna yoyote, lakini kila kisima kinachopimwa kwa vijiti hivyo hupimwa kwa hesabu yake.

Mwana wa hakimu

Nernst alizaliwa Juni 25, 1864, katika mji mdogo wa Briesen, Prussia Magharibi. Mji huo leo uko nchini Poland na unaitwa Wąbrzeźno. Babake, Gustav, alikuwa hakimu. Shuleni mvulana huyo alipenda Kilatini na fasihi, na kwa muda alitamani kuwa mshairi, lakini hatimaye sayansi ndiyo iliyomteka.

Kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa Ujerumani wakati huo, alihama kutoka chuo kimoja hadi kingine: Zürich, Berlin, Graz na Würzburg. Akiwa Graz mwaka wa 1886, yeye na mwalimu wake, Albert von Ettingshausen, waligundua kwamba joto na sumaku vikikutana ndani ya metali huweza kuzua umeme. Mwaka uliofuata alipata shahada ya udaktari mjini Würzburg.

Mwaka huo huo wa 1887 Wilhelm Ostwald alimchukua kuwa msaidizi wake katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Ostwald alikuwa akiwakusanya vijana waliotaka kuieleza kemia kwa lugha ya fizikia na hesabu. Ni katika maabara hiyo ambapo Nernst alilikabili swali lililokuwa limewatatiza wasomi tangu Alessandro Volta wa Italia atengeneze betri ya kwanza mwaka wa 1800: umeme wa betri hutoka wapi, na kwa nini betri moja huwa na nguvu kuliko nyingine?

Jibu lake lilikuwa hivi. Kipande cha metali kikichovywa katika maji yenye chumvi ya metali hiyo, baadhi ya chembe hutaka kukitoka na kuingia majini zikiwa zimebeba chaji ya umeme. Chembe kama hizo, ziitwazo ayoni, ambazo tayari zimo majini nazo hutaka kurejea kwenye metali. Mvutano huo huacha tofauti ya umeme baina ya metali na maji, na tofauti hiyo hutegemea wingi wa ayoni majini pamoja na halijoto.

Nernst aliyaweka hayo yote katika mlinganyo mmoja mfupi. Kwa ayoni yenye chaji moja, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, kila wingi wa ayoni unapoongezeka mara kumi, umeme hubadilika kwa takriban milivolti 59. Ukiongezeka mara kumi nyingine, hubadilika kwa milivolti 59 nyingine. Kwa maneno mengine, atakayeweza kusoma umeme ataweza kuhesabu kilichomo majini bila kukiona.

Mlima hupimwa kutoka wapi?

Hata hivyo, kulikuwa na kizingiti. Umeme wa kijiti kimoja peke yake haupimiki. Chombo cha kupimia umeme kina nyaya mbili, na husoma tu tofauti iliyopo kati ya kijiti kimoja na kingine. Kijiti cha kwanza kikigusa maji, cha pili nacho lazima kiguse, na hicho cha pili kina umeme wake.

Jambo hili laweza kueleweka vyema na yeyote aliyepanda Menengai. Kilele cha mlima huo kiko mita 2,278, lakini mkazi wa jiji la Nakuru, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, hulazimika kupanda mita 430 hivi pekee. Idadi zote mbili ni za kweli. Moja imepimwa kutoka usawa wa bahari, nyingine kutoka mjini. Anayetaja urefu bila kutaja mahali ulipoanzia kupimwa huwa hajasema lolote.

Nernst alipendekeza kwamba wanakemia nao wawe na usawa wao wa bahari. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitaka kijiti cha metali ya platini, kilichochovywa katika asidi huku gesi ya haidrojeni ikipitishwa juu yake, kihesabiwe kuwa sifuri, na vijiti vingine vyote duniani vipimwe dhidi yake. Ostwald, aliyekuwa mwalimu wake, alivutiwa zaidi na kipimo alichoamini kuwa kingepatikana bila kulinganisha, kwa kutumia matone ya zebaki. Pendekezo la mwanafunzi ndilo lililodumu. Hadi leo mkataba wa wanakemia wa kimataifa ni kwamba elektrodi ya haidrojeni ni sifuri.

Bila shaka hakuna anayezunguka Bonde la Ufa akiwa na mtungi wa haidrojeni, gesi inayolipuka upesi. Wapimaji hutumia elektrodi rejea, yaani kijiti ambacho umbali wake kutoka sifuri ya Nernst unajulikana. Iliyo maarufu zaidi ni waya wa fedha uliopakwa kloraidi ya fedha na kuzamishwa katika maji yaliyokolea chumvi ya potasiamu. Iko takriban milivolti 200 juu ya haidrojeni. Hiyo ni kama alama ya mwinuko iliyochongwa kwenye jiwe mjini Nakuru: si bahari, lakini umbali wake kutoka baharini unajulikana.

Mwaka wa 1966 watafiti wawili nchini Marekani, Martin Frant na James Ross, waliunda kijiti chenye fuwele ya floraidi ya lanthanamu, kinachoitikia floraidi na kupuuza karibu kila kitu kingine. Kikiunganishwa na elektrodi rejea, mlinganyo wa mwaka wa 1889 hufanya kazi iliyobaki.

Milivolti kumi na afya ya mtoto

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Kabla ya kupima maji ya kisima, mpimaji husawazisha chombo chake kwa maji ambayo floraidi yake inajulikana, kwa mfano yenye miligramu moja kwa lita na mengine yenye miligramu kumi. Tofauti kati ya masomo hayo mawili inapaswa kukaribia milivolti 59. Ikishuka hadi 50 au chini, kijiti kimezeeka au kimechafuka. Maji yote lazima yawe na joto sawa, kwa sababu mlinganyo wenyewe una halijoto ndani yake, na visima vingine vya Bonde la Ufa hutoa maji vuguvugu.

Elektrodi rejea nayo huhitaji kutunzwa. Maji yake ya chumvi yanapaswa kuwa juu kuliko usawa wa maji yanayopimwa, ili yachuruzike polepole kutoka nje badala ya maji machafu kuingia ndani. Tundu lake dogo likiziba, umeme wake huhama, na kila kipimo kinachofuata huhama nacho bila mtu kutambua.

Tuseme elektrodi rejea imehama kwa milivolti 10 pekee, kiasi kisichoweza hata kuwasha taa ndogo. Kwa hesabu ya Nernst, kosa hilo hubadilisha jibu kwa karibu nusu. Maji yenye miligramu 2.2 za floraidi yanaweza kuonekana kuwa na 1.5. Yatapita, kisima kitafunguliwa, na watoto watakunywa.

Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa, ambao hunasa floraidi. Lakini mkaa huo huchoka baada ya muda na kuacha floraidi ipite. Maji yanayotoka yanafanana kabisa na ya jana. Ni kipimo tu kinachoweza kumwonya mwenye nyumba.

Taa, magari na mabishano

Baada ya Leipzig, Nernst alihamia Göttingen, akawa profesa kamili akiwa kijana na kupewa taasisi yake ya kemia ya fizikia na umeme katikati ya miaka ya 1890. Mwaka wa 1892 alimwoa Emma Lohmeyer, na wakajaliwa wana wawili na mabinti watatu. Mwaka wa 1893 alichapisha kitabu cha kiada cha kemia ya nadharia kilichosomwa kwa zaidi ya miaka 30.

Hakuwa msomi wa kujifungia. Mwaka wa 1897 alivumbua taa ya umeme yenye kijiti cha kauri badala ya uzi wa kaboni, akaiuza kwa kampuni ya AEG kwa fedha nyingi zilizomfanya tajiri, na akawa miongoni mwa watu wa kwanza mjini humo kumiliki gari. Taa yenyewe ilipitwa na wakati balbu za nyuzi za tangsteni zilipokuja. Lakini kauri ya aina hiyo ilipata kazi nyingine miongo mingi baadaye. Ndiyo iliyomo katika kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa magari ya kisasa, yakiwemo yanayopita katika barabara kuu ya Nairobi hadi Nakuru. Kifaa hicho hulinganisha moshi na hewa ya nje. Hewa ndiyo rejea yake.

Mwaka wa 1905 alihamia Berlin, na Desemba ya mwaka huo akatangaza nadharia yake ya joto inayohusu tabia ya maada inapokaribia baridi ya mwisho, nyuzi 273 chini ya sifuri. Nadharia hiyo ndiyo ijulikanayo leo kama kanuni ya tatu ya thamodinamiki, na ndiyo msingi wa kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1920.

Nadharia hiyo ilimkutanisha na Fritz Haber. Haber alikuwa amepima kiasi cha amonia kinachoweza kupatikana kwa kuunganisha naitrojeni na haidrojeni, na jibu lake halikulingana na hesabu za Nernst. Katika mkutano wa wanakemia mjini Hamburg mwaka wa 1907, Nernst alimkosoa mbele ya wenzao. Haber aliumia moyoni, akarudi maabara pamoja na Robert Le Rossignol na kupima upya. Ilibainika kuwa kipimo chake cha kwanza kilikuwa kikubwa mno.

Hata hivyo, aliyekosolewa ndiye aliyefaulu. Nernst aliona kiasi cha amonia kuwa kidogo kisichofaa kiwandani, akaachana nacho. Haber aliendelea, na mwaka wa 1913 kiwanda cha kwanza kikafunguliwa Oppau. Kutoka hapo ndipo ilipotokea mbolea ya naitrojeni inayorutubisha leo ngano ya Njoro na viazi vya Molo. Nernst alikuwa sahihi kuhusu kipimo, akakosea kuhusu maana yake.

Vita na msiba

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Nernst, aliyekuwa na umri wa miaka 50, alijitolea kuwa dereva wa jeshi na kuendesha gari lake hadi katika medani ya Ufaransa. Alikuwa miongoni mwa wasomi 93 wa Kijerumani waliotia sahihi tamko la kuitetea nchi yao dhidi ya shutuma za ukatili nchini Ubelgiji. Alishiriki pia katika utafiti wa mapema wa kemikali za kuwasha zilizokusudiwa kuwafurusha askari mahandakini. Sehemu hiyo ya maisha yake haiwezi kufichwa.

Vita havikumwacha salama. Wanawe wote wawili waliuawa.

Amani iliporejea, alisimamia kwa miaka miwili, kuanzia 1922 hadi 1924, taasisi ya taifa la Ujerumani iliyohifadhi viwango vya vipimo, kisha akarudi Chuo Kikuu cha Berlin kufundisha fizikia. Karibu mwaka wa 1930 alishiriki hata kuunda piano ya umeme. Katika shamba lake alifuga samaki aina ya karpu, jamii ambayo leo imejaa Ziwa Naivasha. Husimuliwa kwamba aliwachagua kwa sababu damu yao ni baridi. Ng'ombe hula chakula na kupasha joto zizi, ilhali samaki hapotezi fedha za mwenyewe kwa kuupasha joto ulimwengu.

Adolf Hitler alipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, Nernst alikuwa anastaafu. Mabinti wake wawili walikuwa wameolewa na Wayahudi na wakalazimika kuhama nchi. Wenzake na wanafunzi wake wa zamani walitimuliwa vyuoni. Mtu aliyetia sahihi tamko la mwaka wa 1914 hakukubali kuwaunga mkono watawala wapya. Alijitenga shambani kwake Zibelle, na mwaka wa 1937 Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza kikamtunuku shahada ya heshima. Alifariki Novemba 18, 1941, akiwa na umri wa miaka 77, vita vingine vikiwa vimepamba moto. Masalio yake yamezikwa Göttingen.

Urithi uliobaki majini

Mwaka wa 1929, Nernst akiwa bado hai, mwanazoolojia wa Uingereza Penelope Jenkin alifika katika maziwa ya Bonde la Ufa kuchunguza maji na viumbe wake. Tangu wakati huo watafiti hawajaacha kurejea, hasa baada ya vifo vya heroe wengi katika miaka ya 1990 na baada ya Ziwa Nakuru kufurika katika mwongo wa 2010.

Mojawapo ya maswali yao ni kama tope la ziwa na maji taka yanayotoka mjini yana oksijeni au yameanza kuoza. Hapo hutumika kijiti cha platini na elektrodi rejea kupima kile wataalamu wakiitacho uwezo wa redoksi. Chombo hukaguliwa kwanza kwa maji maalumu yenye chumvi za chuma, ambayo dhidi ya elektrodi ya fedha yanapaswa kusomeka takriban milivolti 230. Dhidi ya haidrojeni, maji hayo hayo husomeka takriban 430. Na tope jeusi lenye harufu ya yai viza huwa na salfaidi inayoishambulia fedha ya elektrodi rejea na kuipotosha, hivyo ukaguzi mmoja wa asubuhi hautoshi.

Basi ripoti mbili zinaweza kulieleza tope moja, hii ikiandika milivolti 200 chini ya sifuri na ile ikiandika sifuri, na zote zikawa za kweli. Msomaji asiyeambiwa elektrodi iliyotumika atadhani ziwa limebadilika, ilhali kilichobadilika ni rejea tu.

Ndiyo maana mpimaji mwangalifu, awe Njoro, Naivasha au Nakuru, haandiki tarakimu peke yake katika daftari. Huandika pia halijoto, siku aliyosawazisha chombo na jina la elektrodi rejea. Maneno hayo machache ndiyo yanayomwezesha mwingine, miaka kumi baadaye, kujua kama maji yameharibika au la, na kama mtoto aliyenywa kisimani atakua akicheka bila kuziba mdomo.